Supernatural, Buffy au The Vampire Diaries: ipi inahimili stori ikishapanda juu?

Sizoni ya kwanza ya Supernatural, episodi ya nne, kuna pepo mmoja tu. Mmoja! Anaangusha ndege, na ndugu wawili, Sam na Dean, wanahangaika nae episodi nzima, Dean mwenyewe anaogopa kupanda ndege mpaka anatetemeka, Sam anasoma maneno ya Kilatini huku ndege inaporomoka, na ukimaliza unabaki unawaza hawa vijana siku wakikutana na mapepo wawili itakuwaje. Haya sasa ruka uende sizoni ya 9 au ya 10. Mapepo wanauliwa kwenye korido kama wale walinzi wa bosi kwenye movie za kungfu, kisu kimoja tu, mwanga unawaka machoni, chini, jamaa wanaendelea na maongezi yao.

Hiyo tofauti ndo ishu yangu hapa. Mtu akiuliza aanze na ipi kati ya hizi tatu huwa anajibiwa kwa mastaa, kwa mapenzi, au kwa ipi inatisha zaidi, na vyote hivyo sawa, ila ukishaingia kwenye sizoni 7, 8 mpaka 15, kitu kitakachokufanya umalize au uachie njiani ni kingine kabisa. Stori ikishatoka kwenye mzimu wa nyumba moja ikafika mwisho wa dunia, vile vitu vya mwanzo bado vina uzito? Kifo bado ni kifo? Silaha iliyotafutwa kwa damu mwaka wa kwanza bado ina maana mwaka wa tano? Nitataja matukio makubwa maana siwezi kulinganisha bila kuyagusa, ila namna kila moja inavyofunga kwenye episodi yake ya mwisho kabisa sisemi.

Kwanza ujue ukubwa wa mzigo. Buffy the Vampire Slayer ilianza Machi 1997 ikaisha Mei 2003, sizoni 7, episodi 144. Supernatural ni Septemba 2005 hadi Novemba 2020, sizoni 15, episodi 327. The Vampire Diaries ni Septemba 2009 hadi Machi 2017, sizoni 8, episodi 171. Episodi ni dakika arobaini na kitu, kwahiyo Buffy ni kama saa 100 hivi, Vampire Diaries kama 120, Supernatural inavuka 220. Na zote zilitengenezwa kwa utaratibu wa channel za Marekani wa enzi zile, episodi 22 hivi kwa mwaka, wanaandika huku wanashuti huku inarushwa hewani, hakuna kukaa miaka miwili kutafakari. Ukilijua hilo unaelewa kwanini adui wa mwaka huu analazimika kumpita wa mwaka jana, channel ikisema kuna mwaka mwingine na wewe ulishafika mwisho wa dunia, itabidi utafute pa kupandia tena.

Supernatural, kama stori mbili chini ya jina moja

Eric Kripke aliyeitunga alikuwa na mpango wa sizoni 5, na hizo 5 zimekaa sawa mno. Zinapanda taratibu na kila hatua unaiona inakuja. Mwanzo ni ndugu wawili, Impala ya 1967, baba kapotea, chumvi na kiberiti, unafukua kaburi unachoma mifupa, asubuhi mnahama mji. Juu yake kuna yule pepo wa macho ya njano aliyemuua mama yao, na huyo peke yake anatosha kukubeba sizoni mbili. Ya 3 Dean kauza roho na amebakiza mwaka mmoja wa kuishi (hii ilikatwa ikawa episodi 16 kwa ajili ya mgomo wa waandishi wa 2007 hadi 2008, na unaona kabisa mwisho wake unakimbizwa). Ya 4 wanaingia malaika, na kwangu mimi hapa ndo pazuri kuliko popote. Castiel anaingia kwenye lile ghala, wanammiminia risasi, hata hageuki, Dean anamchoma kisu kifuani, jamaa anakichomoa tu anakidondosha chini. Unamwogopa malaika! Afu sizoni ya 5 Lusifa na malaika mkuu Mikaeli wanataka miili ya hawa ndugu wawili ili wapigane humo, kwahiyo Ufunuo mzima umerudishwa ndani ya lile gari, kaka na mdogo wake. Ukubwa umefika juu kabisa lakini swali ni lile lile la episodi ya kwanza, familia ikikutaka ufe utafanyaje. Episodi ya 104, Swan Song, Mei 2010, makaburini karibu na Lawrence, Kansas, mji waliozaliwa. Mtu akiishia hapo ameangalia kitu kizima chenye kichwa na miguu.

Kripke akaachia usukani. Ukishapambana na Lusifa unapambana na nani? Wakaleta roho za toharani, wakaleta Leviathan, viumbe wa zamani kuliko hata malaika ambao wanajiingiza kwenye biashara ya chakula, kisha kufunga milango ya kuzimu, malaika wote kuanguka kutoka mbinguni, alama ya Kaini, dada yake Mungu, dunia nyingine ambako vita vya mwisho vilipiganwa kweli, na mwishoni kabisa adui ni Mungu mwenyewe. Siwezi kusema yote ni mabaya. Sizoni ya 11, ya huyo dada, inashika kwa sababu chini yake ni ndugu wawili waliokosana tangu kabla ya uumbaji, na mbele yao wamesimama Sam na Dean ambao wanaujua huo ugomvi. Ila kati ya 7 na 10 kuna vipande virefu unaona kabisa wanatafuta tu cheo kikubwa cha kumpa adui.

Hili la Mungu niliseme wazi. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za kusali na humu Mungu anatokea kama mwandishi wa vitabu anaitwa Chuck, mara mwema mara mkatili, na kama kitu hicho kitakukera basi kitakukera sana, ishia sizoni ya 5. Hata kwenye hiyo ya 5 kuna episodi mimi sijaipenda mpaka leo, miungu ya dini mbalimbali za dunia imekusanyika hotelini, Odin yumo, Ganesh yumo, Kali yumo, na Lusifa anaingia anawachinja karibu wote kwa dakika chache ili sisi tuone yeye ni mkubwa kiasi gani. Imani za mamilioni ya watu zimetumika kama ngazi ya kumpandisha adui wa msimu. Hapo kupanda kumekula utu wa stori.

Kilichoibeba miaka 10 ya ziada kusema kweli ni episodi za pembeni, zile ndogo. Mystery Spot ya sizoni ya 3 ambapo Jumanne inajirudia na Dean anakufa kila siku kwa njia mpya. Baby ya sizoni ya 11, episodi nzima kamera haitoki kwenye gari, dunia iko hatarini huko nje na wewe unasikiliza ndugu wawili wakila, wakilala, wakitaniana barabarani. Na ile ya jini, sizoni ya 2, jini anamkamata Dean anamlaza kwenye ndoto ambayo mama yake hakufa, yaani maisha yote aliyoyakosa anapewa na inabidi ayakatae. Jini wao ana michoro mwili mzima na mkono unaong'aa bluu, hana uhusiano na majini tunaowasikia Tanga au Pemba, lakini uchungu wa ile episodi unaingia kwa mtu yeyote aliyempoteza mzazi. Hakuna mwisho wa dunia hapo, na ni kubwa kuliko nusu ya vita vyao na malaika.

Buffy ilipanda mpaka kwa mungu, halafu ikashuka kwa makusudi

Ukiitazama kwa juu juu Buffy nayo inapanda kama wengine. Msichana wa sekondari, mji wa Sunnydale, California, shule imejengwa juu ya mlango wa kuzimu. Sizoni ya 1 adui ni vampaya mzee aliyefungiwa chini ya ardhi. Ya 2 adui ni mpenzi wake mwenyewe aliyegeuka kuwa mwovu. Ya 3 ni meya wa mji, mtu mpole, msafi, hapendi matusi, na ndo anatisha. Ya 4 mradi wa siri wa jeshi, na hii ndo dhaifu, yule Adam aliyeungwa kwa vipande vya mashine na mapepo hana mvuto wowote. Ya 5 ni Glory, na Glory ni mungu wa kike aliyefukuzwa kuzimu. Sizoni ya 5 tu na tayari wako kwa mungu. Supernatural walihitaji miaka kadhaa zaidi kugombana na wa cheo hicho.

Lakini angalia wamefanya nini katikati ya hiyo sizoni ya mungu. Mama yake Buffy anakufa. Hajauliwa na vampaya, wala Glory hahusiki, ni mshipa tu wa kichwani, Buffy anarudi nyumbani anamkuta kwenye kochi. Episodi inaitwa The Body, ya 2001, haina muziki wa kuongoza hisia, unasikia pumzi na kimya na watu wasiojua waseme nini. Mtu anayepigana na mungu hana cha kupiga. Hilo pigo ndo linaifanya vita ya Glory iwe na uzito, kwa sababu umeshaonyeshwa kuwa humu ndani watu wanaweza kweli kuondoka na wasirudi.

Na sizoni ya 6 ndo jibu lao kwa lile swali la nani anakuja baada ya mungu. Hawakutafuta mkubwa zaidi. Maadui ni vijana watatu waliosoma nae, wanajifungia na vinyago na kompyuta wakipanga namna ya kuutawala mji, unawacheka kidogo kidogo mpaka siku unapoona ubaya wao ni wa kweli. Buffy ana bili, bomba limepasuka chini ya nyumba, anaenda kuuza baga. Watu kibao waliichukia hii sizoni wakati inarushwa na bado wapo wanaosema ni nzito mno, na ni nzito kweli, mtu aliyekaribia kukata tamaa ya maisha aingie nayo kwa tahadhari. Kwangu ni uamuzi wa kijasiri kuliko wowote kwenye tamthilia hizi tatu. Mtu muhimu anakufa humo kwa risasi ya bastola ya kawaida iliyopita dirishani. Willow, rafiki mpole wa tangu siku ya kwanza, anageuka kuwa hatari kuliko Glory, anataka kuiteketeza dunia nzima kwa uchungu, na anayemzuia ni Xander, fundi seremala asiye na nguvu yoyote ya ajabu, anasimama mbele yake na kuongea nae, anampiga na yeye anarudi kusimama, silaha hakuna. Mwisho wa dunia umezuiwa na mtu anayemkumbuka tangu chekechea.

Sizoni ya 7 inateleza. Wanaleta aina ya vampaya wa kale, wa kwanza anamvunjavunja Buffy karibu amuue, inachukua episodi kadhaa kummaliza, halafu mwishoni wanakuja kwa mamia na wanapukutishwa na watu ambao jana hawajui kushika mti wa kuchomea vampaya. Ugonjwa ule ule wa mapepo wa Supernatural.

The Vampire Diaries inakimbia

Hii haipandi kwa kuongeza ukubwa peke yake, inapanda kwa kasi. Siri ambayo tamthilia nyingine ingekuwekea mwaka mzima hawa wanaichoma kwa episodi 3. Mystic Falls, Virginia, ndugu Stefan na Damon waliogeuzwa vampaya 1864, msichana Elena anayefanana kila kitu na mwanamke waliyempenda wote wawili zamani hizo. Sizoni ya 1 tishio kubwa ni vampaya 27 waliofungiwa chini ya kanisa. Ya 2 wanatokea watu wanaogeuka mbwamwitu, na Klaus na ukoo wake, vampaya wa kwanza kabisa duniani.

Hapo walifanya kitu cha akili sana. Sizoni ya 3 inagundulika kwamba ukimuua vampaya wa kwanza, wote waliotokana na damu yake wanakufa nae, kwahiyo huwezi kumuua Klaus hovyo maana hujui unaua na nani. Yaani adui kawa mkubwa na papo hapo mikono yako imefungwa, inabidi umlinde mtu unayemchukia. Kupanda kwa namna hiyo sijaona Supernatural wakifanya vizuri kiasi hicho. Sizoni 2 na 3 za Vampire Diaries zina mshikamano wa ajabu, hulali.

Baadae Klaus na ndugu zake wakahamishiwa kwenye tamthilia yao wenyewe, The Originals, mwaka 2013, na pengo likaonekana. Sizoni ya 5 ni vurugu, Silas mwenye miaka elfu mbili, Wasafiri (kundi la wachawi), kila mtu ana mfanano wake wa zamani, kuna wakati Nina Dobrev (Elena) na Paul Wesley (Stefan) wanacheza watu wengi mpaka unapoteza hesabu ya nani anampenda nani. Ya 6 inapumua tena, na sababu ni ile ile, wamepunguza. Damon na Bonnie, rafiki yake Elena, wako wawili tu kwenye siku moja ya Mei 1994 inayojirudia, na mama wa Caroline, rafiki mwingine wa Elena, anaugua saratani ambayo damu ya vampaya, inayoponya kila kitu tangu sizoni ya kwanza, inashindwa kuiponya. Ni pigo la The Body kwa namna yao. Mwisho wa sizoni hiyo Nina Dobrev akaondoka, na sizoni 7 na 8, pamoja na nguva wanaoteka akili na bwana wa kuzimu mwenyewe, zinaendeshwa bila kiini chake.

Kifo na silaha

Hapa ndo mtihani wenyewe. Sisi tulikua tunaambiwa steringi hafi. Humu steringi anakufa, tena sana, na anarudi, sasa swali ni amerudi kwa bei gani.

Dean akirudi kutoka kuzimu mwanzo wa sizoni ya 4 ana alama ya mkono begani, na baadae anamwambia mdogo wake kuwa miezi minne ya duniani kule ilikuwa miaka 40, na kwamba mwishowe alikubali kuwatesa wengine. Bei kubwa hiyo, unaisikia mpaka mwisho wa sizoni. Ila safari zilizofuata bei ikashuka na kushuka, na mwisho wa sizoni ya 10 Dean anamuua Kifo mwenyewe, yule mzee mwembamba aliyeingia sizoni ya 5 akila piza Chicago, mtu ambaye hata Lusifa alimhitaji. Ukishamuua Kifo kwa fyeko lake utanitisha na nini tena mimi mtazamaji?

Buffy anakufa mara mbili. Ya pili anafufuliwa na marafiki waliodhani wanamwokoa kutoka mateso, kumbe alikuwa kwenye amani, na anachimba mwenyewe kutoka kaburini, na sizoni nzima ya 6 ni gharama ya hiyo fadhila. Hawakuirahisisha hata kidogo.

Vampire Diaries wako katikati. Pete inayomrudisha Alaric, mwalimu na mwindaji wa vampaya, kila akifa inakuja kumharibu akili, hiyo safi. Lakini wakishaleta upande wa pili, mahali wafu wanakaa wakituangalia, kuagana kunakuwa kwepesi mno. Na kuna dhuluma moja hainipiti: anayelipa karibu kila mara ni Bonnie, mchawi, msichana mweusi katikati ya kundi lile, anapoteza bibi yake, mama yake anageuzwa, yeye mwenyewe anakufa, wengine wanapata mapenzi yao. Kat Graham aliibeba hiyo nafasi kwa heshima kubwa kuliko waandishi walivyoiandika.

Silaha kwa kifupi. Bastola ya Colt ya Supernatural ilikuwa inaua kila kitu, risasi zinahesabika, wakaitafuta kwa roho zao, kisha sizoni ya 5 Lusifa anapigwa nayo kichwani anaamka anawaambia kuna vitu vitano tu vya uumbaji ambavyo haiui, na yeye mmojawapo. Ile mara moja inauma vizuri. Tatizo kila silaha iliyofuata ikapita njia hiyo, mpaka visu vya malaika vikawa vya kila mtu. Buffy sizoni ya 2 wanakutana na pepo ambaye utabiri unasema hakuna silaha iliyofuliwa inayomuua, basi wanaenda kuiba roketi ya jeshi. Wamemzidi akili, na utabiri ulikuwa wa zamani, haukujua roketi.

Sasa uchukue ipi

Kama una hamu ya kutishwa na unapenda ndugu na barabara, Supernatural, 1 mpaka 5, episodi 104, funga hapo. Ukiwakumbuka Sam na Dean baadae (utawakumbuka) ingia ya 11, na episodi moja moja za pembeni nilizotaja, wala usione deni la kupitia zote.

Kama unataka moja utakayoanza na kuimaliza bila kuruka, Buffy. Picha ni ya kizamani na ya mraba, mapepo ya mwanzo ni mpira mtupu, lakini sizoni ya 1 ina episodi 12 tu, vumilia mpaka katikati ya sizoni ya 2 mpenzi wake anapogeuka, kama hapo haijakushika basi haikuwa yako. Ukiwa na msiba wa karibu, The Body iache kwanza.

Vampire Diaries ni ya mtu anayetaka mapenzi na kasi, anayeangalia episodi 5 kwa usiku mmoja. Angalia 1 mpaka 4, halafu amua: kama uliempenda ni Klaus mfuate The Originals, sizoni 5, episodi 92, ambako ugomvi wa ukoo mmoja New Orleans unawekwa katikati. Kama uliwapenda Damon na Bonnie, pita ya 5 haraka ufike ya 6.